Nyumba Unayotaka Kuinunua: Ila Zake na Hukumu Zake

Mwanamke akinunua doti ya kanga huikunjua yote, akaitazama pindo kwa pindo, akaiinua kwenye mwanga. Mwenye kununua mbuzi humfunua meno na kumpapasa mbavu. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua nyumba, kitu atakachokitolea akiba yake ya miaka 20, huingia ukumbini, akasifu dari, akanywa kahawa ya mwenye nyumba, na kabla ya Adhuhuri amekwisha kutoa arubuni.

Jambo hili latushangaza, nasi twaona yafaa kulieleza kwa urefu katika kurasa hizi, kwa kuwa vijana wetu wengi wanatafuta nyumba za kununua Mombasa, Malindi na Lamu, na wengi katika wazee wanaouza hawajui lipi linawapasa kulisema na lipi wanaweza kulinyamazia. Ugomvi unaotokea baadaye huwa mkubwa. Majirani huacha kusalimiana, na wakati mwingine hata safu ya msikitini hugawanyika, kwa sababu ya boriti iliyooza ambayo mmoja aliijua na mwengine hakuijua.

Ijulikane kwanza kwamba watu watatu huitwa kwa jina moja la wapimaji, na kazi zao si moja. Soroveya wa ardhi hupima mipaka ya kiwanja. Yeye hakwambii lolote juu ya kuta. Mthamini hukisia bei, na akiwa ametumwa na benki, huitazamia benki wala hakutazamii wewe. Anayeweza kukwambia kwamba nyumba itasimama au itaanguka ni mhandisi wa majengo. Na kwa nyumba zetu za mawe na chokaa, fundi mwashi mzee aliyezizoea huona mengi ambayo kijana aliyesoma ujenzi wa zege hayaoni. Mwenye uwezo na awachukue wote wawili. Wala wasiwe wamechaguliwa na dalali, kwani dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, na isipouzwa hapati kitu.

Wakati ulio bora wa kukagua ni baada ya mvua. Nyumba ya mwezi wa Februari, jua kali na upepo wa kaskazi, huonekana kavu na safi kama sahani. Nyumba hiyo hiyo itazame mwezi wa Mei, masika imekwisha kuipiga wiki tatu, ndipo utakapoijua. Ukikosa kungoja masika, basi nenda alfajiri, ukaombe vyumba vifunguliwe kabla havijapata hewa, uvute pumzi. Harufu ya ukungu haifichiki kwa rangi.

Ukaguzi huanza juu ukashuka chini, maana adui wa nyumba za pwani ni maji, na maji hushuka. Tazama bati: upepo wa bahari huila misumari kabla ya kuila bati lenyewe, na kila tundu la msumari ulioliwa ni mlango wa mvua. Tazama milizamu kama imeziba kwa majani. Kisha shuka kwenye boriti. Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haupiti sana mita 3, ndio uliowafanya wazee wajenge vyumba virefu na vyembamba. Boriti haianzi kuoza katikati, mahali unapoiona. Huanza kwenye ncha, ndani ya ukuta, mahali ambapo unyevu hukaa na jicho halifiki. Kwa hiyo fundi na apande ngazi, achukue bisibisi au kisu chembamba, aichome boriti pale inapoingia ukutani. Ikikataa, ni nzima. Ikiingia kama kwenye muhogo uliochemka, sakafu ya juu inashikiliwa na mazoea tu.

Milango na miimo yake igongwe kwa kidole. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Mti ulioliwa na mchwa hujibu kama ngoma. Mchwa nao hujenga vijia vyembamba vya udongo ukutani, na mwenye kutaka kuuza huvifagia asubuhi. Lakini alama yake hubaki kwenye chokaa kama mstari wa penseli uliofutwa vibaya.

Ama kuta, watu huogopa kila ufa, na wengine hawaogopi hata mmoja. Nyufa nyembamba kama unywele, zinazotambaa juu ya lipu kama ramani, aghalabu ni za lipu peke yake. Ufa unaopita ndani ya jiwe, unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, na ulio mpana juu kuliko chini, huo ni wa kuulizwa, kwa kuwa waonyesha kona inashuka au ukuta unaegemea nje. Mafundi wana njia nyepesi ya kuujua kama ungali hai: hubandika kibandiko cha lipu juu ya ufa, wakaandika tarehe, wakangoja wiki kadhaa. Kibandiko kikikatika, nyumba bado yaenda. Muuzaji mwaminifu hakatai kibandiko hicho.

Juu ya unyevu wa kutani pana jambo ambalo limeharibu nyumba nyingi za mawe kwa nia njema. Jiwe la matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na chokaa ya kale huyaacha maji hayo yatoke polepole, ukuta ukapumua. Akaja fundi wa siku hizi akaona lipu ya chini imebomoka, akaikandika kwa saruji. Saruji haipitishi maji. Basi maji yakifungiwa mlango wa chini hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hukauka nyuma ya saruji, ikavimba, ikaisukuma lipu hata ikaanguka vipande vizima. Mwenye nyumba naye huongeza saruji nyingine! Ukiona nyumba ya kale iliyokandikwa saruji mpaka kifuani na unga mweupe wa chumvi juu ya hapo, hesabu gharama ya kuibandua saruji yote na kurudisha chokaa. Na ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya katika chumba ambacho kuta tatu zina rangi ya zamani, uliza kwa adabu: huu una nini?

Msomaji asidhani kwamba nyumba za zege zimesalimika. Zege ikichanganywa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi huila nondo ndani kwa ndani. Nondo ikishika kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani. Tazama chini ya dari ya ghorofa na chini ya baraza za juu: madoa ya rangi ya kutu na vipande vilivyodondoka ndiyo dalili yake. Tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, ghorofa moja ya Huruma, Nairobi, iliangukia wapangaji wake na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo. Ikiwa jumba la wafalme halikusamehewa, nyumba ya mtu wa kawaida yapaswa kutazamwa kwa macho mawili.

Liko na jambo jingine la mji wetu ambalo si la fundi. Mombasa zipo nyumba nyingi zinazouzwa pasi na ardhi: kuta na paa ni za mtu mmoja, na udongo ulio chini yake ni wa mtu mwengine anayelipwa kodi ya kiwanja. Mnunuzi wa nyumba kama hiyo amenunua kuta tu, na yafaa ajue kabla ya kununua kama mwenye ardhi atamruhusu kuzijenga upya zikianguka. Kadhalika katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika Lamu, ambayo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, majengo ya kale yana ulinzi wa sheria ya urithi ya mwaka 2006, na mtu hajibadilishii sura ya nyumba atakavyo. Paa utakalotaka kulitengeneza huenda likahitaji ruhusa, na ruhusa huchukua siku. Hizo nazo ni katika gharama.

HUKUMU YA ILA

Sasa fundi amemaliza, amekupa karatasi yake, na karatasi ina mistari kumi ya mabaya. Nini kifanywe? Hapa ndipo tunapohitaji kurejea kwa wanavyuoni, kwa kuwa mlango wa mauzo katika vitabu vya fikihi umelieleza jambo hili kwa uwazi unaowashangaza hata mawakili.

Ila ambayo humpa mnunuzi haki ya kurudisha ni kila upungufu unaopunguza kitu chenyewe au thamani yake, hata likaharibika kusudio lililo sahihi, nacho kiwe ni kitu ambacho kwa kawaida wenzake husalimika na upungufu huo. Maneno haya ya mwisho yana uzito. Ukuta wa nyumba ya miaka 150 usiponyooka kama rula, hiyo si ila, kwa kuwa nyumba zote za umri huo ni hivyo. Boriti iliyooza inayobeba sakafu wanayolalia watoto ni ila, iwe nyumba ya mwaka jana au ya karne iliyopita.

Mnunuzi akiigundua ila baada ya kununua, nayo ilikuwapo kabla ya kukabidhiwa nyumba, ana hiari: airudishe nyumba na kuchukua fedha zake, au abaki nayo kwa bei yote. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayoyafuata, hiari hii ni ya papo hapo. Anaachiwa amalize sala yake, amalize chakula chake, kupambazuke ikiwa ni usiku; lakini akiijua ila kisha akaendelea kukaa ndani ya nyumba mwezi mzima akitafakari, haki yake imekwenda. Na ikiwa nyumba imepata ila nyingine mikononi mwake, mathalan amekwisha kuvunja ukuta, hawezi kumrudishia muuzaji kwa nguvu, bali hupewa arshi. Arshi huhesabiwa hivi: nyumba ikiwa nzima ina thamani ya shilingi 4,000,000, na kwa ila yake ina thamani ya 3,000,000, basi hurudishiwa robo ya bei aliyolipa, hata kama alilipa zaidi au chini ya thamani hiyo.

Wako wauzaji wanaodhani wamejikinga kwa kusema: nakuuzia kama ilivyo, sidaiwi na ila yoyote. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba maneno hayo humwokoa muuzaji kwa ila ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, wala hayamwokoi katika kitu kingine. Nyumba si mnyama.

Hapa sasa lipo jambo ambalo wengi hawalifahamu. Mnunuzi aliyeijua ila kabla ya kufunga akdi hana haki ya kurudisha kwa ila hiyo. Ukaguzi, basi, hukupa ujuzi na wakati huo huo hukuvua ngao. Kabla ya fundi kupanda ngazi ulikuwa mnunuzi asiyejua, nawe ukikuta boriti mbovu ungaliweza kurudisha nyumba. Baada ya fundi kushuka na kukwambia, ukinyamaza ukanunua kwa bei ile ile, umeridhia. Kwa hiyo karatasi ya fundi haifai kutiwa kwenye mtoto wa meza ili itumiwe baadaye katika ugomvi. Ama itumike sasa, kabla ya akdi, ama haina kazi.

Watu wengi huiona njia nyepesi kuwa ni kusema: nanunua kwa sharti unitengenezee paa. Tahadharini na maneno haya. Kauli iliyo sahihi zaidi kwetu ni kwamba mauzo yaliyofungamanishwa na kazi atakayoifanya muuzaji hayasihi. Na mfano wanaoutoa wanavyuoni ni wa mtu anayenunua mazao kwa sharti muuzaji ayavune, au nguo kwa sharti muuzaji aishone. Wako maimamu wengine wenye upana zaidi katika hili, nasi hatuwabishii. Lakini hata kwa akili ya kawaida sharti hilo ni bovu. Muuzaji ambaye moyo wake umekwisha kutoka katika nyumba atamtafuta fundi aliye rahisi kuliko wote, na paa litapakwa lami leo, livuje kesho kutwa. Yaliyo salama ni matatu: atengeneze kwanza, ukague tena, kisha ndipo mfunge akdi, au bei ipunguzwe, nawe utengeneze kwa mkono wako, au uondoke. Kuondoka nako ni katika haki zako, na dalali asikutie haya.

Upande wa muuzaji, mambo ni mazito zaidi kuliko anavyodhani. Sote twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikarowa, muuzaji akajitetea kwamba ni mvua, naye akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona. Rangi mpya juu ya ukuta mmoja ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyorowa. Na wanavyuoni hawakusimama kwa muuzaji. Hata mtu wa kando aijuaye ila imempasa kumwambia mnunuzi. Majirani wetu husema, “Mimi sitaki fitina,” huku wanajua shimo la choo la nyumba ile hufurika kila masika. Kunyamaza huko sikuoni kuwa ni uchaji.

Ni lazima pia ijulikane kwamba haki hizi za fikihi hazitakutangulia mahakamani. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mahakama za Kadhi huamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kwenda huko. Ugomvi wa kununua nyumba huenda katika mahakama za serikali, na huko asili ya sheria ni ile ya Kiingereza: mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Muuzaji aliyenyamaza tu aghalabu huponea. Aliyeulizwa akajibu uwongo ndiye anayeshikika. Basi uliza. Uliza kwa maandishi: paa limevuja lini mara ya mwisho? Choo kimewahi kufurika? Nani alitia saruji hii, na kwa nini? Na majibu yaandikwe. Mapatano ya kuuza ardhi na nyumba kwa sheria ya Kenya hayana nguvu mpaka yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe; nasi tuliamrishwa kuandika deni tangu Sura ya Al-Baqara, karne nyingi kabla ya sheria hiyo. Desturi ya mawakili ni mnunuzi kutoa asilimia 10 kwanza na kumaliza kwa siku 90. Angalia yaliyoandikwa juu ya asilimia hiyo 10 usipoendelea, kwa kuwa arubuni inayoliwa na muuzaji jumhuri ya wanavyuoni hawaikubali, ingawa Imamu Ahmad aliiruhusu.

NYUMBA YA MIRATHI

Tumesema mengi ya kumlinda mnunuzi. Haitakuwa insafu tusiseme ya mnunuzi aliye dhalimu, kwani yuko, naye siku hizi huja na karatasi ya fundi mkononi kama upanga.

Bwana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye watoto wake wamesoma kwangu, alipatana kununua nyumba ya mirathi kwa shilingi 5,600,000. Wenye nyumba walikuwa mjane na watoto watatu wa marehemu, mwanamume mmoja na wanawake wawili, na binti wa mwisho alikuwa hajabaleghe. Fundi akakagua. Akakuta bati la paa limekwisha, matengenezo yake 210,000. Boriti 11 za chumba cha mashariki zimeoza kwenye ncha, pamoja na sakafu yake 330,000. Kona ya nyuma ina ufa uliofichwa na kabati, 150,000. Na lipu ya saruji ya kubanduliwa, 110,000. Jumla 800,000. Yule bwana akaenda kwa mjane akamwambia nyumba yake ni mbovu, akadai apunguziwe 1,600,000, mara mbili ya gharama yenyewe, akijua kwamba mjane amekwisha kupanga chumba kwa nduguye na anataka kuhama.

Akanijia kutaka niwe shahidi wa mapatano. “Maalim,” akasema, “mimi sikumlazimisha. Bei ni maridhiano.”

Nikamwomba anisomee karatasi ya fundi tangu mwanzo. Alipofika kwenye bati nikamuuliza, “Siku ya kwanza ulipoitazama nyumba, bati hili uliliona?”

“Kila mtu aliona. Limekuwa jekundu.”

“Na lipu?”

“Nayo niliiona.”

“Basi ile 5,600,000 ulipoitaja, ulikuwa umekwisha kuyahesabu hayo. Hutalipwa kwa kitu kimoja mara mbili. Zilizokuwa zimefichika ni boriti na kona.”

Boriti na kona ni shilingi 480,000. Nikamwonyesha pia upande wa pili wa hesabu, ambao hakuwa ameufikiria. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, hurithi thumni. Katika 5,600,000 fungu lake ni 700,000. Kwa bei aliyoitaka yule bwana, yaani 4,000,000, lingekuwa 500,000. Laki mbili za kizuka aliyetoka edani mwezi uliopita. Na hilo la mjane lilikuwa jepesi, kwa kuwa mtu mzima aweza kusamehe haki yake. Binti ambaye hajabaleghe hasamehi, wala kaka yake hawezi kumsamehea. Mali ya yatima haiuzwi kwa hasara iliyo wazi, na akdi ya namna hiyo yaweza kuvunjwa. Kwa hiyo kilichoonekana kuwa ni ushindi wa kujadiliana kingemletea kesi.

Alikaa kimya kitambo. Sisemi alifurahi. Alisema kwamba watu wote hununua hivyo, na kwamba mimi ni mtu wa vitabu, sijui soko. Huenda ni kweli. Siku ya tatu alirudi, tukaenda pamoja.

Mjane alitupokea barazani. Alipoisikia hesabu mpya hakuikubali mara moja. “Mwanangu,” akamwambia, “boriti hizo marehemu alizijua. Alisema atazibadili baada ya Idi, na Idi hiyo hakuiona. Mimi nilisahau kukwambia, na fundi wako alipozichoma nikaona haya.” Kisha akamwita mwanawe mkubwa, wakashauriana ndani, na walipotoka wakaridhia 5,120,000. Katika hiyo mjane alipata 640,000, mtoto mwanamume 2,240,000, na kila binti 1,120,000. Na fungu la yule mdogo likawekwa kwa jina lake. Orodha ya warithi na mafungu yao ilitoka kwa Kadhi kabla ya fedha kupita mkono, jambo ambalo tungemshauri kila anunuaye nyumba ya mirathi alifanye, kwa kuwa mrithi mmoja aliyesahauliwa huko Maskati au Jeddah ni ila kubwa kuliko ufa wowote.

Katika kuandika, wakili alitaka kutia maneno mafupi kwamba nyumba imeuzwa kama ilivyo. Tukaomba yaondolewe, na badala yake ziandikwe ila zote nne kwa majina yake, na kwamba mnunuzi amezijua, na kwamba bei imepunguzwa kwa ajili ya mbili katika hizo: kona ya nyuma, na sakafu ya chumba cha mashariki pamoja na boriti zake zote.

Kazi ilianza kabla ya masika. Boriti za mikoko siku hizi hukatwa kwa ruhusa ya idara ya misitu, kwa hiyo ilibidi zingojewe, na mafundi wakaanza kwa bati. Walipoifungua sakafu ya mashariki wakakuta boriti 13 mbovu, si 11. Yule bwana alinionyesha zile mbili za ziada zimelala barazani, akanitazama. Karatasi ilikuwa imesema boriti zote. Akamlipa fundi tofauti yake siku ile ile, na mjane hakuambiwa.